Mstari Uliolala Kushoto

Marlyse Berney alikuwa na tabia moja iliyowakera waliomsalimia asubuhi: haitikii. Si kwa kiburi, maskini. Akishakaa mezani pake pale dirishani, akabana lenzi jichoni na kushika kijiti chake, basi ameshaondoka. Utauona mwili tu, nywele za mvi zimefungwa kitambaa cha buluu, mabega yameshuka, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo. Mwenyewe yumo ndani ya ukingo wa kipande cha saa, ukingo mwembamba kama uzi wa kushonea, anatembea humo polepole kama mtu aliyeingia msituni kuokota kuni akasahau kuni.

"Wee Marlyse, umekufa?" Pierrette wa meza ya jirani angeuliza.

Kijiti kinaendelea kusugua.

"Amekufa," Pierrette angewatangazia wengine. "Haya, nani anataka kiti chake?"

Kazi yake ilikuwa kingo. Katika karakana ya Gaspard Guignard, ambamo nami nina meza yangu, pale Les Bioux kando ya ziwa, saa hutengenezwa chache sana kwa mwaka, na wateja huzingoja mpaka watoto wao wanaoa. Kila kipande cha ndani ya saa kina kingo, na kila ukingo sharti ukatwe mshazari kwa tupa, kisha ung'arishwe mpaka mwanga ulale juu yake bila kukatika. Sehemu kubwa ya kazi hiyo siku hizi mashine inaiweza, tusidanganyane. Lakini pale kingo mbili zinapokutana kwa ndani, konani, mashine inakwama, kwa sababu chombo chake ni cha mviringo na kona si ya mviringo. Hapo ndipo panapotakiwa mkono. Kingo zikikutana sawasawa huzaa mstari mmoja mkali, kama mkunjo wa suruali iliyopigwa pasi na mama mwenye hasira. Sisi watu wa Bonde, yaani wa vijiji vinavyolizunguka ziwa hili, tunaiita pembe ya ndani, na tunamjua mtu kwa pembe zake kama wengine wanavyomjua mtu kwa mwandiko.

Kwa kung'arishia, Marlyse alitumia vijiti vya jensiani, ule mmea wa malishoni wenye maua ya manjano ambao mizizi yake tunaipikia pombe inayonuka udongo. Kila vuli alipanda mlimani peke yake na kikapu, akayachagua mashina makavu kwa kuyabonyeza kwa ukucha, akayaanika darini, na nyumba nzima ikanuka malisho hadi Pasaka. Aliposugua chuma kwa kijiti kile, harufu ilimpanda puani, na hapo zilimjia kengele za ng'ombe, mvua ya Agosti, mama yake akiita watu waje kula. Hakuwa akifikiri. Alikuwa akiota macho wazi na mkono wake ukifanya kazi, na jioni alishangaa kukuta ukingo umekwisha, kana kwamba mtu mwingine aliuingilia na kuumaliza.

Na katika ndoto hizo, mara nyingi kuliko alivyopenda, alikuwamo Solange.

Solange ni mdogo wake. Aliishi ng'ambo ya ziwa, Le Rocheray, katika nyumba waliyozaliwa wote wawili, na hawakuwa wamesemezana tangu siku alipozikwa baba yao, mzee Fernand. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe wakati wa kiangazi na mtu wa kingo wakati wa baridi, kama walivyokuwa wazee wetu wengi. Binti zake wote walishika tupa. Lakini Solange, alipokuwa mtu mzima, aliiacha meza ya dirishani akaenda kwenye kiwanda kikubwa kusimamia mashine inayokata kingo. Baba hakusema neno. Marlyse ndiye aliyelisema, na alichagua siku mbaya kuliko zote. Baada ya mazishi, watu wamekaa kwenye ukumbi wa kanisa na sahani zao za nyama na glasi zao za mvinyo mweupe, alisimama mbele ya kila mtu akamwambia mdogo wake: "Wewe ulimzika baba kabla yetu. Umeuza mkono wake ukanunua vitufe vya kubonyeza."

Solange aliweka sahani chini, akachukua koti lake, akatoka. Kuanzia hapo ni kimya.

Bonde letu ni dogo. Duka ni moja, muuza jibini ni mmoja, mchungaji ni mmoja. Kuishi humo miaka na miaka bila kukutana uso kwa uso ni kazi ya ufundi, na wale wawili walikuwa mafundi. Mmoja akiwa kwenye jibini, mwenzake yuko kwenye sabuni. Mmoja akikaa kushoto kanisani, mwingine anakaa kulia, na wakati wa kutoka mmoja wao ghafla ana jambo kubwa la kumwuliza mchungaji. Watu walicheka, kisha wakazoea. Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba kila Jumapili asubuhi Marlyse alisimama dirishani kwake akitazama ng'ambo, hadi auone moshi ukitoka kwenye bomba la nyumba ya Le Rocheray. Hapo ndipo alipokunywa kahawa yake. Alimtaka mdogo wake. Alimtaka kwa uchungu, na maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemsimama kooni kama mwiba wa samaki, hayatoki wala hayashuki.

Sasa, kabla ya Krismasi ya mwaka mmoja, aliteleza kwenye barafu mlangoni pake, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Akafungwa plasta. Mezani aliacha saa ya mteja mmoja wa Zurich, vipande vyote vimekwisha isipokuwa kimoja, lile daraja refu linaloshikilia magurudumu. Hivyo ndivyo yanavyoitwa, madaraja, ingawa hakuna anayepita juu yake. Gaspard alikwenda kumwona hospitali amekunja kofia mkononi.

"Usijali, Marlyse. Daraja nitalimaliza mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi."

Marlyse alicheka hadi mkono ukamuuma. Gaspard Guignard ana kichwa cha ajabu. Saa nzima huiona akilini kabla hajagusa skrubu moja. Ila kwenye pembe za ndani mkono wake ni wa mkata magogo, na yeye mwenyewe anakiri. Aliporudi kazini mwishoni mwa Januari Marlyse alikuta saa ya mtu wa Zurich imeshaunganishwa, imefunikwa kwa kikombe chake cha kioo kuzuia vumbi. Hakuomba kuiona. Kuna mambo rafiki hamchunguzi rafiki yake.

Mteja alikuja Februari, siku ya Alhamisi, ziwa limeganda kutoka ufuo hadi ufuo na theluji imelala juu ya paa zote. Siku kama hizo mwanga hauji kutoka juu, unapanda kutoka chini, na ndani ya karakana kila kitu kinakuwa cheupe na chepesi, hata sauti za watu. Beat Zollinger lilikuwa jina lake, mhandisi mstaafu, mrefu, masikio mekundu kwa baridi. Alibeba kopo la biskuti za kwao. Kifaransa chake kilikuwa kimejaa kokoto, lakini alikisema bila aibu, nasi tukampenda kwa hilo.

Alivuliwa viatu kama kila aingiaye karakana, akapewa sapatu, akavishwa koti jeupe lililomfika nusu ya mapaja. Gaspard alimzungusha. Pierrette alimwonyesha jinsi anavyosugua kofia ya skrubu juu ya bamba la bati lenye dawa ya kung'arishia, kwa kidole kimoja, duara baada ya duara, kisha akamwinamishia chini ya taa.

"Angalia. Rangi gani?"

"Nyeusi," alisema Zollinger.

Pierrette akaigeuza kidogo.

"Na sasa?"

"Nyeupe! Hapana. Ngoja. Nyeusi tena. Umeipaka nini?"

"Sikuipaka kitu. Nimeiondolea kila kitu," alisema Pierrette, akajiona mwenye maana sana. Maneno hayo amewaambia wageni wote tangu nimfahamu.

Zollinger aliigeuza skrubu ile nyeupe, nyeusi, nyeupe, mdomo wazi. Alisahau kwamba kuna watu. Nimewaona matajiri wengi wakipita pale, wengine hutazama saa yao huku wakitazama nani anawatazama. Huyu alizama. Marlyse, aliyekuwa mezani kwake akijifanya hayupo, aliona kwa pembeni ya jicho kwamba mtu huyo anapotea kule kule anakopotea yeye, na moyo wake ukamlainikia.

"Niambie kitu kimoja," Zollinger alimgeukia Gaspard. "Mnang'arisha hata upande wa chini. Ule unaolala gizani. Mimi maisha yangu yote nimejenga madaraja, malori yanapita juu, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuinama kuyatazama chini. Sasa nyinyi, nani atawaona?"

Gaspard alianza kukohoa kama anavyokohoa anapotafuta maneno makubwa. Pierrette akamtangulia.

"Baada ya miaka mingi kuna fundi atakayeifungua aisafishe. Hatutaki atusengenye."

"Tumeshakufa hapo," alisema Gaspard.

"Ndiyo maana. Hatutakuwepo kujitetea."

Walicheka wote. Kisha Gaspard akaondoa kikombe cha kioo, akamweka Zollinger mbele ya saa yake, akampa lenzi. Zollinger akainama. Nje mtu mmoja alikuwa akikwangua theluji, krr, krr, mbali sana.

"Ah," alisema Zollinger. "Ah, hapa."

"Wapi?" aliuliza Gaspard, na sauti yake haikuwa sawa.

"Hili daraja refu. Hizi kona. Mwanga unashuka, unaingia konani, unapanda upande wa pili, wala haujikwai. Hasa hii moja. Hii ina..." Akakosa neno kwa Kifaransa, akalitafuta kwa kwao, akalikosa huko pia. "Ina mtu ndani yake. Bibi Berney, ni mkono wako?"

Marlyse aliinua kichwa. Alifikiri, maskini Gaspard, pembe zake za magogo zimempata mshabiki. Akainuka aje amwokoe kwa utani wowote. Akachukua lenzi, akainama.

Hazikuwa za Gaspard.

Mwanga ulikimbia kwenye ukingo kama maji kwenye mfereji. Pembe ya kwanza, mstari wima, mkali. Ya pili vilevile. Zilifanana na za Marlyse mwenyewe, zilifanana mno, na kwa kitambo alipigwa na butwaa akidhani labda alizifanya yeye akiwa ndotoni akasahau. Kisha akafika ile moja aliyoionyesha mgeni. Pale mstari haukusimama. Ulilala kushoto, kwa kiasi ambacho kando yake unywele ungeonekana mnene. Hakuna kipimo cha kukupa kiasi hicho. Lakini Marlyse alikulia nao. Yeye mwenyewe alikuwa nao ujanani, na fundi wa kwanza aliyemwajiri alihangaika majira yote ya baridi kuunyoosha. Mkono wa Berney, ndivyo alivyouita moyoni, mkono wa baba. Na kwa kuwa baba yuko chini ya ardhi, na yeye alishanyooshwa, amebaki mtu mmoja tu Bondeni anayeweza kuulaza mstari hivyo.

Nitasema ukweli wake, maana aliniambia mwenyewe. Kitu cha kwanza kilichomjia ni wivu. Pembe ile ilikuwa nzuri kuliko zake. Zake zilikuwa sahihi. Hii ilikuwa hai. Cha pili kilikuwa hofu. Cha tatu, hamu kubwa ya mdogo wake, ikampanda ghafla hadi lenzi ikafanya ukungu.

Alimtazama Gaspard. Gaspard alikuwa akitazama dari. Akamtazama Pierrette. Pierrette alikuwa ameinama anatafuta kitu sakafuni ambacho hakikuanguka. Hapo Marlyse akaelewa kwamba wanajua, na kama hawa wanajua, muuza jibini anajua, mchungaji anajua, Bonde zima linajua isipokuwa yeye.

Mgeni bado alikuwa akimngoja na macho yanayong'aa. Neno moja, "ndiyo," lingetosha. Gaspard angeshusha pumzi, wangefungua mvinyo, na siku ingekwenda zake.

"Si mkono wangu," alisema Marlyse.

"Marlyse," alisema Gaspard taratibu.

"Niache. Bwana Zollinger, hilo daraja amelifanya mdogo wangu. Anaitwa Solange Berney. Na hiyo pembe unayoipenda, mimi siiwezi. Nakwambia mbele ya hawa wote. Siiwezi."

Akavaa koti juu ya koti la kazi, akatoka.

Alivuka ziwani. Kuzunguka kwa barabara lilikuwa jambo la akili, na akili hakuwa nayo. Pale katikati upepo ulikuwa umefagia theluji, na barafu ilikuwa nyeusi, safi, unaona mapovu yamesimama ndani yake, moja juu ya jingine, kama yanangoja kuitwa. Barafu yetu huimba. Inapojinyoosha hutoa mlio mrefu unaoanzia kijiji cha Le Pont na kupita chini ya miguu yako kwenda zake Le Sentier, na ukiwa peke yako unaweza kuapa kwamba kuna mtu anakusemesha. Marlyse alitembea juu ya sauti hiyo. Ufuo haukuwa unasogea. Wakati mwingine alidhani amesimama na ni misunobari ya ng'ambo inayomjia, mirefu, na nyumba katikati yake, na mama jikoni, na Solange mdogo ana soksi za sufu amekaa kwenye kiti kisichomtosha. Alijaribu kupanga maneno. Yote yalianguka. Alipofika mlangoni alikuwa hana hata moja, akabisha hodi kwa ule mkono uliovunjika, akaumia, akasema tusi.

Mlango ukafunguliwa. Solange alikuwa amenenepa. Alikuwa na mwiko mkononi, na ndani kulinukia kitunguu liki na viazi na soseji, maana ilikuwa saa ya chakula. Alimtazama dada yake kutoka juu hadi chini, akaishia miguuni.

"Umevuka ziwa na sapatu za karakana?"

Marlyse akatazama miguu yake. Kweli.

"Nimesahau."

"Umesahau viatu. Februari." Solange akatikisa kichwa. "Ingia, mwehu wewe. Unaniingizia baridi."

Jiko lilikuwa lilelile la chuma, meza ileile. Marlyse alisimama katikati ya chumba akichuruzika maji.

"Gaspard amekwambia," alisema Solange.

"Gaspard hasemi kitu, unamjua. Nimeliona daraja."

"Ukajuaje? Nilikuiga. Nilikaa na kipande chako cha zamani mbele yangu nikakuiga pembe moja moja, mistari yako wima kama askari. Roho ilinitoka."

"Moja imekushinda. Imelala."

"Ya tatu," alisema Solange. "Nilijua. Siku ile nilichoka, mkono ukaenda kwao."

"Kwa nini ulimkubalia?"

"Alikuja hapa anatia huruma. Saa imekaa, mteja anangoja, wewe una plasta, na yeye hataki kumpa mtu mwingine kazi yako asije akakaa kwenye kiti chako moja kwa moja. Nikamwambia nafanya, ila Marlyse asijue."

"Kwa nini nisijue?"

"Ungelivunja lile daraja."

"Nisingelivunja."

"Marlyse."

"...Ningelivunja."

Solange akageuka akakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. Marlyse aliona mabega yake yakitikisika, hakujua kama ni kicheko au nini. Akasema lile alilovuka nalo ziwa, lilivyokuja.

"Nilisema umeuza mkono wa baba. Kumbe unao. Mimi ndiye niliyeupoteza, wakaninyoosha. Wewe umekaa nao humu peke yako miaka yote hii, na mimi..."

"Mkono wa baba?" Solange aligeuka. "Upi?"

"Huo wa kulaza. Mstari wa kushoto. Wa baba."

Akaweka mwiko chini. Akaenda ukutani, akatoa msumarini saa ya mfukoni ya mzee Fernand, ile aliyojitengenezea mwenyewe, akafungua mgongo wake kwa ukucha, akaiweka mezani penye mwanga.

"Una lenzi mfukoni, nakujua. Tazama."

Marlyse akatazama. Pembe za baba yake zilikuwa mbele ya macho yake, moja, nyingine, nyingine. Zote wima. Hakuna hata moja iliyolala.

"Mimi baba hakunifundisha pembe," alisema Solange. "Nilipofikia umri wa kushika tupa, miaka ile hata wakati wa baridi alikuwa anashinda msituni akikata miti, anarudi, anakula, analala. Wewe ndiye uliyenifundisha. Hapa, kwenye hii meza. Ulikuwa unakaa upande ule, umebanwa na jiko, unakunja kiwiko kisiungue, ndiyo maana mkono wako ulikuja kwa ubavu, mstari ukalala. Mimi nilikaa huku, hakuna jiko wala nini. Lakini nilidhani ndivyo pembe zinavyofanywa. Nikabana kiwiko. Mpaka leo nabana." Akaonyesha, kiwiko kimeshikana na mbavu, kama mtu anayeficha kitu kwapani. "Kiwandani walikuwa wananicheka. Wakati wa baridi nikitoka kazini nafanya pembe mbili tatu kwenye vipande vya shaba, nisizisahau. Huo mkono ulioniambia nimeuuza, Marlyse, haukuwa wa baba. Ulikuwa wako."

Marlyse alikaa kwenye kiti cha karibu. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, mengi, yakaingia kwenye lenzi ambayo hakukumbuka kuitoa.

"Nisamehe," alisema.

Solange alifunga saa ya baba yao, akairudisha msumarini, akaisawazisha ikae vizuri.

"Ulinitukana mbele za watu," alisema bila kugeuka. "Ukumbi mzima. Watu wana nyama mdomoni. Na msamaha unaniletea jikoni."

"Mbele za watu nimeshasema. Leo. Nimemwambia mteja ni kazi yako, na kwamba mimi siiwezi."

"Nani alikuwepo?"

"Gaspard. Pierrette. Wengine wa karakana. Huyo mtu wa Zurich."

"Pierrette alikuwepo?"

"Alikuwa anatafuta kitu sakafuni, lakini alisikia."

Solange alifikiri. Akaivuta sufuria pembeni ya moto, akavua aproni, akachukua koti. Akafungua kabati, akatoa jozi ya viatu vya theluji, akavitupa miguuni pa dada yake.

"Bado yupo, huyo mtu wa Zurich?"

"Gaspard atakuwa anamlisha."

"Basi vaa. Twende ukaseme tena, nikiwepo."